Ajira Mia Tatu na Kumi na Mbili za Utangazaji

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa unyenyekevu mkubwa ni mimi mwenyewe. Waheshimiwa Naibu Wakurugenzi, Wakurugenzi Wasaidizi na Makaimu wa Naibu Wakurugenzi Wasaidizi. Wazee wetu, akina mama, akina baba. Wahitimu wetu wa fani ya habari mliosimama juani kwa kuwa viti vimekaliwa na kamati. Itifaki izingatiwe, na asiyetajwa ajione ametajwa. (Makofi. Mshereheshaji anaonyesha kwa mkono yaongezwe.)

Leo ni siku ya kihistoria katika historia. Nyuma yangu mnaliona jengo la ghorofa tatu la Kituo cha Kisasa cha Utangazaji, lenye studio sita, chumba cha habari na taa nyekundu ya kuonyesha tuko hewani, jengo ambalo ofisi yangu, kwa kuzingatia mpango mkakati, fremuweki ya utekelezaji na kapasiti ya wadau, imelisimamisha kwa siku mbili tu. (Makofi. Sauti: "Mbona madirisha hayafunguki?") Huyo wa madirisha asubiri kipindi cha maswali, ambacho hakipo kwenye ratiba.

Kituo hiki kinazalisha ajira mia tatu na kumi na mbili: watangazaji, wahariri, wapiga picha, mafundi mitambo, wazalishaji wa kontenti ya kidijitali, msomaji wa hali ya hewa, pamoja na naibu wake kwa siku za mawingu. Takwimu zinaonyesha utekelezaji umefikia asilimia mia moja na nne. Nafasi ya Mkurugenzi tumeshaijaza kwa ushindani mkali, akashinda mpwa wangu, ambaye redio ameizoea tangu utotoni, alipoifungua ya baba yake na mpaka leo haijafungika. (Kicheko. Mpwa anasimama, anapunga mkono.)

Namwona pale mbele mama aliyeinua simu tangu nianze. Huyu ndiye mfano wetu! Aliacha ushonaji, akasomea uandishi wa habari miezi tisa, akafaulu, na barua ya ajira nilimsainia mimi. Endelea kunipiga picha, mama, ila sogea kulia, huku ndiko kwenye shavu zuri.

(Mama: "Mheshimiwa, barua inasema naanza leo saa mbili, chumba cha habari, meza namba nne. Niingilie mlango upi?")

Swali zuri sana, na kama maswali yote mazuri litaundiwa kamati. Mama, uandishi ni wito. Mambo ya milango na meza ni fikra za kizamani.

(Mama: "Cherehani nimeshauza, mheshimiwa. Watoto nimewaaga kwamba naenda kazini.")

Na hao watoto ndio wasikilizaji wetu wa kesho! Wapigieni makofi! (Mpwa anapiga peke yake. Upepo unavuma; jengo linakunjika katikati, na nyuma yake wanaonekana mbuzi wawili wakila majani.) Msishtuke, ndugu wananchi, majengo ya kisasa yanapumua. Wasaidizi, shikeni ghorofa ya pili! Sauti zetu! (Wachache: "Ajira zetu!") Sijasikia! Sauti zetu! (Mbuzi mmoja analia.)

Kwa kumalizia, namshukuru mchoraji wa mabango aliyekichora kituo hiki. Waliotukodisha turubai, wanaolitaka kabla ya saa kumi. Mwenye kiwanja, ambaye hadi sasa hajui kama tupo hapa. Na mhariri yule aliyetangaza asubuhi kwamba kituo kinarusha matangazo tangu mwaka juzi, maana bila yeye kisingekuwepo kabisa. Asanteni kwa kunisikiliza.

(Mama anaigeuza simu, anaitazama: "Huyo ndiye aliyesaini barua yangu, na hao ndio mbuzi wa chumba cha habari. Endeleeni kuwa nasi.")

Mama, unaongea na nani? Mubashara? Tangu saa ngapi?

(Mama: "Tangu saa mbili, mheshimiwa. Ndiyo saa yangu ya kuanza kazi.")

Na... wanaotazama ni wangapi?

(Mama: "Elfu kumi na moja. Mwenye kiwanja naye yumo, anasema yuko njiani.")

(Mgeni Rasmi anakunywa maji. Anarekebisha tai. Anazifunua karatasi zake upya, kutoka ukurasa wa kwanza.)

Mheshimiwa Mwenye Kiwanja, itifaki izingatiwe...