Anayetuvuta Nyuma

Jumatatu, 3 Juni

Nimenunua kinasa sauti. Kidogo, kinaingia kiganjani, kama kipande cha sabuni kilichobaki bafuni. Mke wangu kaniuliza cha nini. Nikasema cha kumbukumbu. Akauliza kumbukumbu za nini, nikasema za bendi, akasema basi vizuri, akarudi kwenye pasi yake. Sikusema uongo. Ushahidi nao ni kumbukumbu, ila una meno.

Nieleze. Bendi yetu ilikufa zamani, watoto walipoanza shule na kila mtu akatafuta kazi ya mchana. Tumeifufua majuzi kwa sababu ukumbi wetu wa zamani unabomolewa. Mwenye ukumbi ametuomba tupige dansi la mwisho, Jumapili ya wiki ijayo, alasiri. Ndani ya ukumbi ule ndimo nilimomwona mke wangu mara ya kwanza, kasimama mbele kwenye maikrofoni, mimi nyuma yake na gitaa la rithimu. Uso wake niliuona baadaye. Nilimpenda kuanzia kisogoni.

Mazoezi tunafanyia kwenye karakana ya shemeji yangu, kaka yake mke wangu, seremala. Yeye anapiga gitaa la solo. Tangu ujana yeye solo, mimi rithimu, na hakuna aliyewahi kunieleza kwa nini. Besi anapiga fundi bomba mmoja ambaye hasemi. Ngoma, pamoja na uongozi, ni za Mzee Radi, dereva mstaafu wa basi la shule.

Jana Mzee Radi kasimamisha wimbo katikati. Akasema kuna mtu anatuvuta nyuma. Hakumtaja. Alitazama dari. Shemeji akatazama viatu vyake. Mimi nikamtazama shemeji.

Mimi ni fundi saa. Kama kuna mtu kwenye bendi hii anayejua wakati, ni nani basi?

Jumatano, 5 Juni

Siku ya kwanza ya uchunguzi. Nimevaa koti, kinasa sauti mfuko wa ndani. Shemeji akashangaa koti na jua lote hili. Nikamwambia nina baridi ya mifupa. Akanionea huruma, akafunga madirisha yote na mlango. Kufikia wimbo wa pili tulikuwa tumelowa jasho wote. Vumbi la mbao likatuganda usoni. Mzee Radi alifanana na mkate uliopakwa unga. Mke wangu kauliza kama nia yangu ni kuwaoka.

Nimerudi, nimesikiliza. Koti linasugua. Moyo unadunda. Kisha mngurumo ambao niliudhani ni besi. Ni tumbo langu. Lazima nikiri, lina mpigo mzuri. Liliingia kwenye kiitikio pale pale panapotakiwa.

Alhamisi, 6 Juni

Wazo limenijia dukani, mkono ukiwa ndani ya saa ya ukutani, ile ya mbao, ya duara, ambayo mwenyewe hakurudi kuichukua na nimeshamsahau sura. Nyuma ya sura ya saa pana nafasi. Nafasi ya kitu cha ukubwa wa kipande cha sabuni.

Nimefanya kazi siku nzima. Wateja wawili nimewaambia warudi kesho. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mtaka cha shemeji sharti apande ngazi.

Jumamosi, 8 Juni

Nimempelekea shemeji saa, zawadi. Nilitegemea acheke, au aulize bei. Kaipokea kwa mikono miwili. Akasema tangu afungue karakana hajawahi kupewa kitu cha kutundika, watu huja kuchukua tu. Akaifuta kwa shati lake. Akachagua msumari kwenye kopo kana kwamba anachagua mchumba, akaitundika juu ya kiti chake mwenyewe. Pale pale nilipotaka.

Nilisikia kitu kama dhamira kikinisonga. Nikakohoa, kikapita.

Kisha akanipa kiti chenye egemeo, ambacho kipo kimoja tu. Kwa ajili ya mifupa yangu, alisema.

Tukapiga wimbo wa kufungia dansi. Wimbo huu una pengo. Zamani katikati yake ilikuwa sehemu ya tarumbeta. Mpiga tarumbeta wetu tulimzika, Mungu amrehemu, na tangu tufufue bendi sehemu yake tunaipita kimya. Vyombo vyote vinanyamaza, tunahesabu moyoni, kisha tunaingia pamoja. Hakuna aliyeamua iwe hivyo. Imekuwa tu.

Alikuwa mtu wa vituko marehemu yule. Alipuliza akiangalia juu, kana kwamba anadai jibu kwa mapangaboi ya darini. Siku ya harusi yangu alikuja alfajiri kupiga chini ya dirisha letu. Alikosea dirisha. Jirani alitoka na ndoo ya maji, akasikiliza kidogo, akaiweka ndoo chini, akaikalia.

Nilimwambia Mzee Radi kwamba pengo lile linaweza kujazwa na gitaa. Sikusema gitaa la nani. Mke wangu akanitazama muda mrefu. Mzee Radi akasema tutaona.

Jumatatu, 10 Juni

Shemeji kaniruhusu kuichukua saa “niirekebishe kidogo”. Nimefunga duka, nikaning'iniza kibao cha Nimekwenda Kula, nikasikiliza.

Safari hii kila kitu kipo. Mlio wa saa, tiki, tiki, safi kabisa. Kisha sauti ya mke wangu. Ilibidi nizime kwanza. Nyumbani namsikia akiniuliza nimeweka wapi ufunguo, nikasahau kwamba ni sauti ile ile. Imeshuka kidogo tu, kama maji yaliyopata kina chake.

Nikawasha tena. Kazi ni kazi. Nikalinganisha kila chombo na mlio wa saa. Ngoma, sawa. Besi, sawa. Solo, sawa. Rithimu inachelewa.

Nikarudia tangu mwanzo. Rithimu inachelewa.

Nimetafakari kitaalamu. Mbao za karakana zina joto, joto hukimbiza saa. Kwa hiyo saa inawahi, na mtu pekee aliyekuwa akipiga kwa wakati sahihi alionekana amechelewa. Shemeji alikuwa kakaa chini yake, akawa anaiigiza.

Kisha likaja pengo. Nilitaka kulipita, nikasikia kitu. Nikaongeza sauti. Ndani ya kile kimya Mzee Radi anapiga tarumbeta kwa midomo. Pole pole sana, pa-paa, pa-pa-paa, sauti yote ya marehemu na mbwembwe zake, mpaka lile kosa dogo la mwisho ambalo marehemu hakuwahi kulirekebisha. Chini yake mguu wa shemeji unagonga sakafu. Fundi bomba, asiyesema, anasema “enhe” pale ambapo watu walizoea kuitikia. Mke wangu anavuta pumzi kama anayetaka kucheka.

Kumbe hawalipiti kimya. Kila mmoja analo lake mle ndani.

Nikasikiliza mimi nilikuwa nafanya nini. Nilikuwa nakaza nyuzi. Nyiu, nyiu.

Mteja kagonga mlango. Sikufungua. Kibao kinasema nimekwenda kula.

Jumatano, 12 Juni

Siku mbaya. Naiandika ili iishe.

Nilikuwa na ushahidi mmoja tu: mwanzo wa wimbo wa tatu shemeji alipiga chafya na kuruka noti. Niliona unatosha. Nikaiomba bendi dakika moja, nikaunganisha kinasa sauti na spika kubwa, nikasema kwa manufaa ya wote tusikilize kitu. Nikabonyeza.

Ikatoka sauti yangu. Ilikuwa ile niliyojirekodi dukani Ijumaa, nikijaribu mashine. Nilikuwa najaribu pia shukrani zangu kwa watu wa ukumbini. “Asanteni, asanteni sana. Ndiyo, solo hii nimeitunga mwenyewe. Shemeji yangu naye alijitahidi miaka yote hii, tumsamehe, si kila mtu kajaliwa.” Kisha nikajipigia makofi. Spika ya shemeji ni nzuri mno. Makofi yalisikika moja moja.

Nilibonyeza kila kilichobonyezeka. Badala ya kuzima ikaruka kwenye mazoezi ya Jumamosi. Tiki, tiki, tiki. Wote wakasikiliza. Wote wakainua macho ukutani, kwenye saa niliyokuwa nimeirudisha.

Shemeji akapanda juu ya kiti, akaishusha saa, akaifungua nyuma. Akaona nafasi niliyochonga. Akaipitisha kidole. Nilisubiri anitukane, nilikuwa tayari nimeandaa jibu. Akasema kazi ya kuchonga ni safi, ila ningemwambia angenipa patasi iliyo kali zaidi. Akaifunga, akaitundika tena.

Mke wangu akasema, “Nyani haoni kundule.” Hakumtaja nyani.

Nikaanza kukusanya nyaya niondoke. Mzee Radi akaniambia nikae, hajamaliza kusikiliza. Basi tukakaa juu ya kitanda ambacho hakijapigwa vanishi, wote kwenye mstari mmoja kama abiria, tukajisikiliza. Pengo likafika. Mzee Radi akajisikia anavyopuliza. Akachukua taulo lake, akajifunika uso. Shemeji ndiye aliyemwekea mkono begani.

Kutoka ndani ya taulo Mzee Radi akasema, “Sikujua kama inasikika.”

Fundi bomba akasema, “Inasikika.” Ukiacha ile “enhe”, nadhani ni neno lake la kwanza tangu tufufue bendi.

Mzee Radi akaamua. Pengo libaki kama lilivyo, kila mtu afanye analolifanya. Halafu akanigeukia mimi. “Wewe tu usikaze nyuzi.”

Ijumaa, 14 Juni

Mke wangu hajasema nami tangu juzi, isipokuwa kuhusu chumvi. Leo kasema. Kumbe Mzee Radi alikuwa amefikiria tupige bila rithimu, na shemeji ndiye aliyekataa. Alisema bila mimi si bendi ile. Mke wangu akaongeza kwamba mimi na kaka yake tulianza kupiga gitaa moja, tukipokezana, kabla hata ya yeye kujiunga, na kama mimi nimesahau, kaka yake hajasahau.

Sijasahau. Lilikuwa na nyuzi nne. Tuligawana mbili mbili tukabishana nani kapewa nyembamba.

Nimekwenda kwa shemeji jioni na paketi ya sukari. Hatukuongea juu ya saa. Nilimshikia ubao akakata.

Jumapili, 16 Juni

Dansi.

Ukumbi umenyonyolewa kama kuku. Milango haipo, viti vimebebwa. Ukutani pamebaki miraba myeupe palipokuwa na picha. Ila sakafu ni ile ile, na mahali nilipokuwa nasimama nilipajua kwa miguu. Ubao unalia.

Watu wakaja. Wale wale, ila wamevaa miwani. Bibi mmoja mwenye fimbo alicheza na fimbo yake. Mwenye ukumbi alisimama mlangoni akijifanya anaangalia mvua, na mvua haikuwepo. Kinasa sauti nilikiweka juu ya stuli, peupe, karibu na shemeji.

Kabla ya wimbo wa mwisho uzi wa gitaa la shemeji ukakatika. Hakuwa na wa akiba, yeye ambaye hata misumari huiweka kwa ukubwa. Akanisogelea. “Shemeji, shika solo wewe. Mimi nitahangaika na rithimu kwa hizi zilizobaki.”

Nikapiga. Siwezi kuandika nilivyopiga hata nikipewa shajara mpya. Mikono ilikuwa ya kijana fulani niliyewahi kumfahamu. Likaja pengo. Tukanyamaza. Mimi sikukaza kitu. Na watu wote mle ukumbini, bila kuambiwa, wakaanza kuimba ile tarumbeta kwa midomo, pa-paa, pa-pa-paa, wazee na fimbo zao, na kosa la mwisho wakalikosea wote pamoja. Mzee Radi aliinua uso kuangalia mahali palipokuwa na mapangaboi.

Nilipitiwa kidogo nikachelewa kuingia. Si sana. Ubeti wa mwisho mke wangu aliuimba amewapa watu mgongo, akinitazama mimi.

Jumanne, 18 Juni

Wameanza kubomoa. Dukani vioo vya saa vinatetemeka kila ukuta unapoanguka. Nimefunga mlango, nimesikiliza dansi lote. Nitatoa nakala kwa kila mmoja, Mzee Radi ameomba mbili.

Kabla ya wimbo wa mwisho kuna kitu kwenye rekodi. Hakuna mlio wa uzi unaokatika wenyewe. Kuna mlio mkavu, kama koleo linavyokata waya: kwach. Kisha mke wangu, kwa sauti ya chini, “Asante, kaka.” Nimekaa nalo jambo hili. Bila shaka alimpa maji.

Kisha solo yangu. Nimeirudia sana. Na hapo ndipo nilipogundua. Kila ninapochelewa, kwa madoido, rithimu ya shemeji nayo inachelewa. Ninapokimbia, anakimbia. Baada ya pengo, pale niliponyamaza kidogo zaidi, hakuingia kama tulivyopanga. Alizunguka palepale, akazunguka tena, mpaka nilipoingia ndipo naye akaendelea. Wimbo mzima yupo nyuma yangu kama kivuli, hana mpigo wake mwenyewe hata mmoja.

Hana msimamo kabisa. Nilisema tangu mwanzo. Sasa ushahidi upo, tena wa wazi, na hakuna saa ya kulaumiwa.

Mzee Radi anazungumzia kuendelea na bendi. Nimeona heri nimsaidie kabla hajaamua nani apige nini. Shemeji alisema karakana ile haina redio. Ninayo moja hapa, kubwa, ya mbao. Nimeshaifungua nyuma. Nafasi ipo.