Sanduku ya Hoki na Ngombe ya Kibati

Ijumaa, 14 décembre 1979

Mvua tangu asubui. Nimeketi na daftari. Mimi muzee Assani wa Murara, shofere wa zamani, sasa trésorier, mwenye kuchunga feza, wa timu ya hoki ya batoto ba quartier. Masomo sina, herufi nilijifunza ku milango ya macamions. Lakini hoki njo mimi niliileta hapa Goma! Niliionaka Kampala kwa Bahindi, wakati nilikuwa naendesha camion ya chumvi. Bakanipa fimbo nijaribu. Nikapiga mupira mara moja tu, bakaitafuta siku tatu. Asumini, bibi yangu, anasema kila mwaka ile mupira inaongeza siku moja.

Sasa tuko na batoto quarante, arobaini kamili. Fimbo si shida: batoto ba Masisi bamezaliwa na fimbo ya ngombe ku mukono. Kila muzazi analipa cotisation ya noti moja ya zaïre dix, ni kusema kumi. Mimi njo nilipanga vile. Noti moja, mutoto moja. Nani atashindwa kuhesabu? Mu janvier tutapanda mashua, tuende kuwapiga ba Bukavu.

Sanduku ya feza iko kwangu chini ya kitanda. Fungulo iko kwa mama Mwavita, présidente, amefunga mu pindo ya kitenge yake. Banasema ni juu mutu asiibe. Matusi! Sanduku ile iko na visi ine nyuma, misumari ya kuzungusha. Nilizitosha na kisu ya jikoni.

Sikuiba. Andika vizuri, Assani: sikuiba. Nilinunua ngombe. Iko Kibati kwa Célestin, mufugaji. (Serikali imekataza majina ya kizungu, ku karatasi hana tena ruhusa ya kuitwa Célestin, lakini ngombe zake hazijapata ile habari.) Mu siku za sikukuu nyama inapanda bei. Nitauza mara mbili. Noti quarante zinarudi mu sanduku, quarante ingine ni jasho yangu. Mu sanduku nimetia mawe ya volcan, juu isikuwe nyepesi. Akili ngani hii! Hata mimi inanishangaza.

Jumapili, 16 décembre

Mazoezi. Uwanja yetu ni mawe matupu. Mutoto moja alipiga mupira, ikagonga jiwe, ikarudi nyuma, ikaingia mu goli yetu wenyewe. Niliambia bazazi ile ni système ya Kampala.

Kisha akakuja Bulonza. Ni comptable, mutu wa hesabu, ku bureau moja, suruali yake iko na mistari kama daftari ya hesabu. Alitaka kuona sanduku. Akainyanyua. Akaniuliza, muzee, tangu lini noti quarante zinakuwa na uzito ya mutoto wa miaka mitatu? Nikamujibu kwamba ni uaminifu njo inapima vile.

Hakucheka. Mbele ya bazazi bote akasema hatuendi Bukavu bila budget: mashua ngapi, chakula ngapi, majezi ngapi, na sanduku ifunguliwe mbele ya comité. Akaongeza kwamba trésorier asiyejua hesabu ni kama mulinzi kipofu. Batu bakacheka. Nikasema vipofu banasikia vizuri, na usiku ile tumbo ya Bulonza inalia mimi naisikia toka kwangu. Bakacheka zaidi! Ushindi wangu.

Kisha bakapiga kura. Sanduku itafunguliwa.

Lakini Mungu ni mukubwa. Mama Mwavita anaenda Rutshuru ku matanga ya shangazi yake, na fungulo inaenda naye. Atarudi mercredi tarehe 26. Siku kumi! Nimepumua kama tairi.

Jumatano, 19 décembre

Nimemupeleka Kamate ku Kibati. Ni muuzaji wa nyama ku soko, mutu wa kucheka kidogo. Akazunguka ngombe mara mbili. Akaniuliza, papa, hii ni ngombe ao ni meza? Nikamuambia mama ya ile ngombe ilishindaka camion kupanda mulima. Ngombe ikamukanyaga muguu. Bei ikashuka nusu.

Nilikuwa karibu kukubali. Célestin akatoka mu nyumba, akasema hakuna mutu atachinja ile ngombe. Iko na mimba. Kwabo ngombe ya mimba haichinjwe, ni mwiko, na yeye hawezi kuruhusu kisu ipite mu mulango yake. Nikamuuliza mbona hakusema siku ya kuniuzia. Akasema sikuuliza.

Nikamuomba basi anirudishie feza yangu. Ameshanunua mabati.

Kurudi, Kamate alichechemea na mimi nilichechemea. Yeye juu ya muguu, mimi juu ya roho.

Jumamosi, 22 décembre

Plan mupya! Nimekata makaratasi ya hii daftari, sawasawa na ukubwa ya noti. Trente-neuf, quarante bila moja. Juu yake nitaweka noti moja ya kweli. Bulonza ataona noti, atafunga sanduku, tutakunywa chai.

Bado tu ile noti ya kweli. Nilimuomba Asumini, yuko nazo mu kopo ya chumvi. Akasema afazali akopeshe chui mbuzi. Akasema tena: baba, nenda useme kweli, bakutukane siku moja, iishe. Nikamuelezea kwamba kweli ni kama tairi ya akiba: mutu anaitosha wakati zote ingine zimepasuka.

Daftari imekonda. Nitaandika herufi ndogo.

Jumanne, 25 décembre

Noeli ya majirani. Serikali iliitosha mu sikukuu, batu bameenda kazi, lakini harufu ya nyama haisome sheria.

Kisha redio. Ee Allah! Noti za zaïre tano na za zaïre dix zimekufa! Mwenye kuwa nazo azipeleke ku banki mbio, siku ni kidogo, na hata banki haitapokea zote. Inje makelele. Jirani anachimba chini ya kitanda. Ingine amepita mbio na sufuria, mufuniko ameshika na meno. Asumini amemwaga chumvi yote ku meza.

Mimi nimekaa. Sasa comité haitangoja hata saa moja, bataamukia hapa kutosha noti bazipeleke banki. Nimefikiri kuvuka niende Gisenyi. Banasema mupaka imefungwa.

Tairi ya akiba yangu iko wapi?

Jumatano, 26 décembre

Bamekuja asubui. Mama Mwavita alishuka mu camion ya Rutshuru na vumbi mu uso, hakupita hata kwake. Nyuma yake bamama kumi na Bulonza na bic ya kuandika. Bulonza akapiga makelele haraka, haraka, mustari ya banki imeshafika ku barabara kubwa! Mama Mwavita akafungua pindo ya kitenge. Fungulo ikaingia. Sanduku ikafunguka.

Mawe. Na makaratasi trente-neuf.

Nilisikia kuku ya jirani inameza mate.

Mama Mwavita akaniuliza polepole, muzee, feza ya batoto iko wapi? Nikasema kweli, mara ya kwanza tangu nizaliwe. Nikasema iko Kibati, inakula majani.

Bulonza akapaza sauti: mwizi! Aitwe polisi! Muzee muzima, mvi mpaka ku masikio, anakula feza ya batoto!

Mama Mwavita akanyanyua mukono. Akaniuliza tena: zilikuwa zote za dix? Zote, mama. Hata moja haikubaki mu sanduku? Hata moja. Akaketi juu ya sanduku. Nikasema sasa analia. Kumbe anacheka! Akacheka mpaka kitambaa ikaanguka ku kichwa. Bamama bakapiga vigelegele. Moja akanishika shingo, akaniita mwokozi wa batoto. Njo pale nilifahamu kitu gani nilifanya: noti zimekufa, ngombe iko nzima.

Nikasimama wima. Nikabaambia nilijua tangu zamani. Kampala nilijifunza kunusa noti yenye kukaribia kufa: inatoa harufu ya kabichi.

Asumini, nyuma ya mulango, akakohoa sana.

Ijumaa, 28 décembre

Tumeenda Kibati sisi bote kuona caisse, sanduku yetu mupya yenye miguu ine. Mama Mwavita aliigusa tumbo, akatangaza kwamba caisse iko na faida. Imeandikwa mu budget: "Mapato: ngombe moja na nusu." Ngombe sasa ni ya mikono ya mama Mwavita. Célestin ataichunga, na ndama ikizaliwa, maziwa italipa mashua. Mwenye mashua amekubali kungoja. Batoto bataenda Bukavu tu, hata kama ni Pasaka.

Nimelala muchana kama mutoto. Tangu mwezi moja sijalala vile.

Tena, hakuna muzazi anataka kusikia karatasi. Cotisation ya mwaka mupya banalipa kuku. Kuku moja, mutoto moja. Ziko ndani ya uzio ya lupango yangu vingt, ishirini kamili, tayari, na gunia ya maharagi. Banasema feza ya timu ikae kwa mutu mwenye kuona mbali.

Bulonza hakukuja. Banasema amesimama mu mustari ya banki siku mbili na valize, sanduku ya safari, imejaa noti. Banki ilipokea kidogo tu, na yeye aliogopa kuulizwa comptable anatosha wapi noti mingi vile.

Alhamisi, 3 janvier 1980

Siku ya baraka! Bulonza amekuja yeye mwenyewe, pole kabisa, ananiita muzee wangu. Akafungua valize. Noti za dix, mupya, zimefungwa na uzi, mpaka juu! Akaniuliza naweza kutoa nini.

Nikakunja uso. Nikasema kuku kumi na nane. Akakataa, alitaka vingt na gunia ya maharagi. Tukabishana mpaka jasho. Nikamubana: dix-neuf, kumi na tisa, na maharagi nusu! Akakubali. Alibeba kuku mbio sana, ingine amezishika miguu, kichwa chini, juu nisibadilishe mawazo. Hata valize ameiacha.

Redio inasema zimekufa. Redio haijawahi kuendesha camion. Miaka trente nimeona moteri ngapi batu banasema imekufa, kumbe ni batterie tu. Kitu batu bote banatupa, njo wakati yake ya kununua.

Asumini ameuliza kuku ziko wapi. Nimemuonyesha valize. Ameketi chini, mikono ku kichwa, furaha imemuzidi. Kesho mama Mwavita anakuja kuhesabu kuku. Ataona!

Masikini Bulonza. Masomo yote ile, na ameniuzia utajiri juu ya kuku dix-neuf.