Marehemu wa Sehemu ya Nne

Jumatatu, 3 Machi

Sauti ya mkasi ukifunguliwa. Si ukifungwa, ukifunguliwa, polepole, kama mtu anayesafisha koo kabla ya kusema jambo zito. Niliisikia katika sehemu ya kwanza ya filamu za Vipimo vya Mwisho nikiwa bado chuoni, na tangu hapo haijanitoka. Nikifungua bahasha kazini, naisikia. Nikivuta pazia, naisikia.

Sehemu ya nne imefika mjini. Mhariri ametuita ofisini kwake mimi na Nyota Tano. Nyota Tano ni mwandishi wa michezo. Jina nimempa mimi, kwa kuwa hajawahi kutazama kitu akakipa nyota pungufu ya tano, hata ule mchezo wa jukwaani uliokatizwa na pazia kuanguka. Mhariri kasema ukurasa wa filamu hauna mwenyewe. Kila mmoja wetu aandike uhakiki wa sehemu ya nne: inastahili kuwepo, au ni majani ya chai yanayochemshwa upya? Uhakiki bora utatoka Jumamosi, na mwandishi wake atapewa ukurasa.

Mimi niko dawati la tanzia. Nina shahada ya fasihi, ya daraja la juu, na kutwa naandika kwa masikitiko makubwa. Mama akinipigia simu haulizi hali. Anauliza kama bado niko na maiti.

Ukurasa huu nautaka kufa na kupona.

Tatizo ni moja tu. Filamu za Vipimo vya Mwisho nazipenda, nazitetea, nilizipa sura nzima katika tasnifu yangu, lakini sijawahi kuzitazama. Yaani nimekuwa ukumbini. Mkasi ukifunguka nafumba macho, na nikishafumba siwezi kufumbua mpaka watu wasimame. Msimamizi wangu chuoni alinisifu kwa usikivu wa pekee. Hakujua alivyopatia.

Jumanne, 4 Machi

Njia imepatikana.

Dawati letu lina kanuni moja: hakuna anayekufa gazetini mpaka watu wawili, wa nyumba mbili tofauti, wathibitishe. Ilianza zamani, bwana mmoja alipotangaziwa maziko na shemeji zake akaja mwenyewe mapokezi, gazeti kwapani, akiuliza nani kamzika. Katika maiti wote niliowaandika sijamwona hata mmoja. Nauliza, najibiwa, naandika. Kifo nakijua kwa sikio. Filamu ina utukufu gani hata idai macho?

Shahidi wa kwanza ni shangazi, ninayeishi naye. Anakanda unga kwenye kiwanda cha mikate, zamu ya alfajiri, na hakuna damu inayomshtua. Shahidi wa pili ni wifi yangu, mke wa kaka. Nyumba mbili tofauti. Kanuni imetimia.

Shangazi aliniuliza kama miaka yote ile ya shule ilikuwa ya bure, kwamba mpaka leo nataka kusimuliwa hadithi kama mtoto. Kisha akasema atakuja, mradi nisimbane kwenye njugu. Wifi aliuliza kama jina lake litatoka gazetini. Nilimwambia litakuwemo kimoyomoyo. Akasema basi njugu na yeye.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Simu chache, watu hawafi sana Jumatano. Nimepata nafasi ya kufikiri.

Sehemu ya kwanza ilitisha kwa sababu Fundi hakuwa na sababu ya kuua. Fundi wa nguo anakuja nyumbani, anakupima mabega, kiuno, urefu wa mkono, haandiki popote, anaondoka. Unabaki unajiuliza amepima nini. Sehemu ya pili ikatueleza kuhusu mama yake. Ya tatu ikampa dada. Kila sehemu inamfungua Fundi kifungo kimoja cha koti, na sasa tunaona fulana. Binadamu mwenye fulana hamtishi mtu.

Halafu yule mhudumu wa hoteli, mwanamke anayewindwa tangu mwanzo. Amepona mara ya kwanza, tukalia kwa furaha. Ya pili, tukapiga makofi. Ya tatu, nilimsikia jirani yangu ukumbini akifunga kamba za viatu. Mtu akipona kila mara, kifo kinashuka bei. Mimi kutwa niko kwenye simu na wanaochagua picha ya marehemu, wakibishana kama anacheka mno. Najua kifo hakishuki bei.

Kwa hiyo hukumu yangu: sehemu ya nne inastahili kuwepo ikiwa tu mhudumu atakufa, na afe kweli. Nimeshaandika aya mbili za mwanzo. Nzuri. Nimezisoma kwa sauti, msafishaji akanipa pole akidhani ni msiba wangu.

Alhamisi, 6 Machi

Onyesho la mchana. Tumekaa watatu, mimi katikati. Nyota Tano alikuwa safu ya mbele kabisa, shingo imepinda, anacheka na watu asiowajua.

Nilistahimili mpaka Fundi alipotoa futi yake ya kupimia. Mkasi ukafunguka. Nikafumba.

Kazi ikaanza vizuri. Shangazi alininong'oneza sikio la kushoto, ingawa kunong'ona kwake kunasikika mpaka mlangoni. Kasema sasa anapanda ngazi, mjinga huyu, anapanda ngazi badala ya kutoka nje. Kasema huyo wa pembeni ndo kwisha kazi. Mtu wa nyuma akamwomba anyamaze. Shangazi akamwambia yuko kazini. Wifi, sikio la kulia, alisimulia nguo tu: mhudumu kavaa gauni la kijani, limembana mabega, aliyemshonea hakujua.

Kisha simu ya wifi ikatetemeka. Mtoto ana homa. Akatoka nje kuzungumza.

Mara ukumbi mzima ukavuta pumzi kwa pamoja, na shangazi akanishika goti. Kaanguka, akasema. Kutoka juu ya paa, mwanangu, mpaka chini, basi tena, hapo hakuna mtu. Nikamuuliza, amekufa? Akasema we, kwani mtu anaangukaje vile halafu akaenda kununua mboga.

Hapo mkasi ukafunguka mara nyingine, karibu sana. Nikaziba na masikio.

Nilipoyazibua, watu walikuwa wanapiga makofi wamesimama. Shangazi alikuwa ananyanyua kichwa. Nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahi. Ukumbi mzima unashangilia kifo kimoja cha kweli. Hawa watu nilikuwa nawadharau bure.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemaliza uthibitisho kwa utaratibu wa ofisi. Nimempigia shangazi kiwandani: mhudumu amekufa? Amekufa. Nimempigia wifi: mhudumu amekufa? Akasita, akaniuliza shangazi kasemaje. Nikamwambia. Akasema basi ndivyo, amekufa, mtu mzima hawezi kusema uongo. Mashahidi wawili, nyumba mbili. Nikaandika.

Ni uhakiki bora niliowahi kuandika. Nimesema mfululizo huu umetubembeleza mpaka tukasahau kwamba watu hufa. Nimesema sehemu ya nne imepata ujasiri ambao nyingine tatu zilikuwa zinauahirisha. Nimesema makofi ya mwisho yalikuwa makofi ya watu waliokuwa wakidanganywa siku nyingi, kisha wakaambiwa ukweli kwa heshima. Sikumtaja Fundi kwa ubaya. Gauni la kijani nimeliweka.

Mhariri alisoma akiwa amesimama. Akavua miwani. Akasema binti, huu una roho. Nyota Tano alikuwa amewasilisha aya tatu na nyota tano. Alinipongeza, jambo lililonitia shaka, kisha akauliza kama nilikaa hadi mwisho. Nikamwambia wengine huwa hatuondoki kabla ya kazi kuisha. Akasema haya, dada, akaondoka akipiga mluzi.

Jumamosi, 8 Machi

Jina langu juu ya ukurasa. Shangazi amenunua nakala nyingi na kuzigawa kwenye zamu. Mama kapiga simu na kuniuliza hali, kisha akaniuliza huyo mhudumu alikuwa na umri gani, maskini.

Baada ya chakula cha mchana mapokezi wakanipigia. Mwenye sinema yuko kwenye laini na hataki salamu.

Kasema hivi. Watu wamekuja onyesho la asubuhi na gazeti letu, wamejiandaa kumlilia mhudumu. Mhudumu akaanguka kutoka juu ya paa, wakalia. Halafu akainuka. Akavua viatu, akamfuata Fundi nyuma, akamnyang'anya mkasi. Ndipo makofi. Kasema ndiyo sehemu iliyotangazwa kwenye mabango mji mzima: safari hii mkasi anao yeye. Akauliza mimi niliona filamu gani.

Nikamwambia nitampigia.

Nilirudi nyumbani kwa shangazi. Alikuwa ameketi kitandani anavua soksi. Akasema kuamka alfajiri si mchezo, na lile giza la ukumbini lilikuwa zuri, na viti vile vimeegemea hivi; labda macho yalijipumzisha kidogo baada ya kuanguka. Nikamuuliza kwa nini alithibitisha. Akaniangalia kwa huruma. Akasema niliuliza kama amekufa, na yeye pale alipokuwa anaona, alikuwa amekufa.

Wifi naye kasema alikuwa nje na simu, na kwamba mtoto amepona, ahsante kwa kuuliza. Sikuwa nimeuliza.

Jumatatu, 10 Machi

Mhariri hakupaza sauti. Ningependa angepaza. Aliuliza swali moja tu: nilikuwa nimefumba macho? Nikasema kwa kiasi. Akauliza kiasi gani. Nikasema tangu sehemu ya kwanza.

Akazungusha kalamu. Nyota Tano ndiye mwenye ukurasa sasa. Alipita dawatini kwangu akaweka biskuti, akasema dada, usijali, mimi nilidhani umefanya makusudi, kama wasomi. Alisema kwa wema kabisa. Biskuti sikuila mpaka alipoondoka.

Kisha yakaja masahihisho. Desturi ya gazeti letu ni kwamba kosa lolote linalohusu kifo husahihishwa ukurasa wa tanzia, na ukurasa wa tanzia ni mimi. Nimeandika mwenyewe: katika toleo la Jumamosi tulieleza kwamba mhudumu wa Vipimo vya Mwisho, sehemu ya nne, amefariki. Mhudumu yu hai. Tunaiomba radhi familia. Hilo la familia lilitoka kwa mazoea, mpigachapa hakulikata.

Kabla sijaondoka Mhariri akaniita tena. Akanipa tiketi ya kesho mchana. Kasema maneno yangu ni mazuri, ni bahati mbaya tu kwamba si kweli. Niende peke yangu, nikae macho wazi toka mwanzo hadi mwisho, nimletee kilichomo. Nikifanya hivyo, filamu za kutisha nitakuwa naziandika mimi, kwa sababu Nyota Tano mwenyewe kasema zinamvuruga tumbo. Kasema hiyo ndiyo nafasi ya mwisho, na akanishika bega alipoisema.

Nimelia chooni, si sana.

Jumanne, 11 Machi

Nimeenda. Nimekaa safu ya katikati, mikono nimeikalia ili isiende usoni. Taa zikazimwa. Hoteli, asubuhi, mhudumu anafuta meza. Nilimwona kwa mara ya kwanza vizuri. Ni mwembamba kuliko nilivyodhani, na ana namna ya kukunja kitambaa mara mbili kabla ya kukiweka. Mtu wa kawaida. Nikaanza kumpenda.

Futi ikatoka. Mkasi ukafunguka. Macho yakafumba yenyewe, wala sikuyaamuru.

Nilisikiliza mpaka mwisho, safari hii bila kuziba masikio. Kuanguka kwake nilikusikia. Huko kuinuka nako nilikusikia, na hakuna mtu atakayenidanganya: ile si sauti ya mtu hai aliyeanguka kutoka paani. Hatua nyepesi mno. Muziki umebadilika, umekuwa wa mbali. Aliyeinuka pale ni ndoto ya mtu anayekata roho. Mwongozaji hakuielewa filamu yake. Walioiona wameona, lakini hawakusikia.

Nilirudi moja kwa moja ofisini na viatu vilivyolowa mvua. Mhariri alikuwa kwenye kikao. Nimemwekea uhakiki mpya mezani, kurasa nne, unaoanza kwa kusema kwamba masahihisho ya jana yalikuwa na makosa. Kisha, kwa kuwa ukurasa wa tanzia bado ni wangu na hakuna anayeusoma kabla haujatoka, nimeandika tangazo fupi la mhudumu wa hoteli, aliyeanguka akiwa kazini, mwenye gauni la kijani. Picha nimechagua ile ambayo hacheki.

Nimelipeleka kwa mpigachapa mwenyewe, kwa mkono. Aliuliza kama limethibitishwa. Nikamwambia ndiyo.