Sura ya Arobaini Inamsubiri Shemeji

Gazeti lenyewe lilikuwa la wiki iliyopita, limekuja limefungia viatu vya mteja. Kama Mama Pindo asingekuwa na tabia ya kusoma kila karatasi inayopita mbele ya cherehani yake, siku ile ingetupita salama. Akalikunjua, akalinyoosha kwa kiganja, akaanza kwa sauti ya mtangazaji.

"Mke ahamia kwa dada yake baada ya kugundua mumewe amesikiliza sura tisa za kitabu peke yake. Wawili hao walikubaliana kusikiliza pamoja. Mume asema alipitiwa."

"Sura tisa alipitiwa?" akauliza Chaji. "Sura moja unapitiwa. Tisa umekusudia."

"Amefanya vizuri kuhama," akasema Mama Pindo. "Huyo leo kala sura tisa, kesho atakula nini?"

Soli hakusema kitu. Alikuwa na misumari midogo mdomoni, lakini Soli nimemjua miaka kumi na moja na misumari haijawahi kumzuia kuongea.

Niwaeleze kijiwe kilivyo, msije mkasema nimewatupa katikati. Ni kibaraza kimoja chenye milango mitatu. Wa kati ni wa Soli, fundi viatu. Kushoto Mama Pindo, fundi cherehani. Kulia Chaji, fundi simu, mtu ambaye hawezi kuona kioo kilichopasuka akanyamaza. Mbio hana mlango, ana pikipiki ya kupeleka mizigo, na haizimi ngurumo mpaka awe ameshakaa. Mimi ni mchora vibao. Nakaa kwenye benchi la Soli nikisubiri rangi ikauke, na wao wanadai hawajapata kuona rangi inayochelewa kukauka kama yangu. Mengine ya vitabu siyafuatilii, nakaa tu.

Maana hapo ni vitabu. Tangu mwaka jana Soli anasikiliza hadithi ndefu ya vitabu sita, inayosomwa kwenye simu na mtu mwenye sauti nzito kama amekula asali: falme zinazopigana, joka lenye kinyongo, mfalme aliyeuza kivuli chake, na bibi kizee anayelinda daraja linalotenganisha walio hai na wasio hai. Mchana anaturudishia sura alizokwisha kusikia nyumbani: simu anaitumbukiza ndani ya buti kubwa la mlinzi wa ghala, sauti inatoka nene mtaa mzima unasikia. Buti limeshashonwa tangu mwezi wa pili. Mwenyewe kila akija anaambiwa bado soli haijashika, kisa tu buti lina sauti nzuri.

"Soli," akasema Chaji, "mbona kimya? Sema neno juu ya huyu mume."

Soli akatema misumari kiganjani, mmoja mmoja. "Labda alianza na robo sura tu."

Mama Pindo akaacha kukanyaga cherehani. "Robo?"

"Robo tu. Ajue kama farasi alipona. Halafu robo ikamvuta."

"Wewe farasi umemjuaje? Gazeti halina farasi."

Basi hapo ikatoka yote, na kwa kweli haikuwa siri kubwa, maana sisi wenyewe tulishiriki. Shemeji, mke wa Soli, alikuwa wiki tatu kwa mama yake aliyeumia mguu. Kabla hajaondoka, yeye na Soli walikuwa kwenye kitabu cha sita, cha mwisho, sura ya kumi na mbili. Kila jioni baada ya chakula, sura moja, wote wawili, taa ya sebuleni ikiwaka. Waliagana kituoni kwamba hakuna wa kusogea mpaka arudi. Soli alikaa mwaminifu siku mbili. Siku ya tatu simu ikaingia ndani ya buti na sura mpya, na sisi watu wanne tukasogeza viti. Kufikia jana tulikuwa tumemaliza sura ya thelathini na tisa. Ilibaki moja tu. Na Shemeji alikuwa anafika siku hiyo saa kumi na moja jioni.

"Sasa tusikilize hiyo ya arobaini upesi," akasema Chaji. "Thelathini na tisa au arobaini, kosa ni lile lile."

"Hapana."

"Soli, Bibi wa Daraja amekufa jana mbele ya macho yetu. Daraja liko wazi. Wafu wamepanga foleni. Unatuacha hivyo?"

"Nimesema hapana. Hiyo ni yake na mimi."

"Muulizeni Mbio," nikasema. "Ameshamaliza."

Mbio alimaliza vitabu vyote sita kwa siku kumi na nne, kwa kasi maradufu, ndani ya kofia ya pikipiki. Kwa kasi hiyo kila mtu katika hadithi anaongea kama amechelewa kazini.

"Mimi nasema hivi," Mbio akasema, "mwisho wake—"

Mama Pindo akamwinulia mkasi. Mbio akameza mate.

"Wewe hata hujui kama ni hadithi ya huzuni," Chaji akamwambia. "Kwa kasi yako Bibi alikufa kama mtu aliyepiga chafya."

"Alikufa sekunde nne," akakiri Mbio. "Lakini iliniuma."

Soli akaweka kiatu chini. "Nyinyi mnacheka. Watoto wetu walipoondoka nyumbani, mimi na mke wangu tulikaa miaka miwili hatuna la kusemezana. Tulikuwa tunazungumzia bomba linalovuja. Likitengenezwa, tunazungumzia mlango unaogoma. Siku alipoleta hiki kitabu tuliongea mpaka chai ikapoa. Mwanamke alisimama katikati ya chumba, anamtetea joka mbele yangu. Leo akijua nimemwacha nyuma, nitarudi kwenye bomba. Naogopa, sifichi."

Mbio akazima pikipiki, ndipo tulipojua ilikuwa inanguruma.

"Basi asijue," akasema Mama Pindo. "Utashtuka upya. Simama hapa tufanye mazoezi. Mimi ndiye msomaji." Akajikohoza. "Bibi akaachia fimbo yake, akaanguka juu ya mawe ya daraja."

"Ala," akasema Soli.

"Hiyo ni ala ya mtu aliyeangusha kifungo," Chaji akasema. "Huyo ni Bibi wa Daraja, bwana. Rudia."

"Bibi akaachia—"

Soli akajishika kichwa kwa mikono miwili.

"Ameachia nini? Sijamaliza," Mama Pindo akang'aka. "Umeshtuka kabla ya habari. Utamwambia nini mkeo, kwamba umeota?"

Mara ya tatu akatulia vizuri. Mama Pindo akasoma polepole, fimbo, mawe, mpaka pale Bibi anapouliza kama watoto wameshavuka. Soli akatazama ukutani. Kidevu kikaanza kumcheza, na machozi yakamshuka kweli kweli hadi kwenye aproni ya ngozi.

"Hapo sawa," Chaji akasema taratibu. "Hapo hata mimi ningekuamini."

"Sikuwa naigiza," Soli akasema, akipangusa uso kwa kitambaa cha kung'arishia viatu. Akabaki na doa jeusi shavuni.

"Imebaki simu," nikasema. "Shemeji akifungua, itamwonyesha mlipofika."

Chaji akachangamka, maana sasa tumefika kwenye fani yake. Akaitoa simu ndani ya buti, akaipangusa, akagusa hapa, akavuta pale. "Kazi ya dakika moja. Naichukua alama ya mlipofika, nairudisha sura ya kumi na mbili, dakika ya kwanza. Ushahidi umefutika. Hata ungepelekwa mahakamani."

Akaiweka juu ya meza kwa madaha. Haikupita dakika tano, ikaita. Jina lililotokea lilikuwa la Shemeji. Chaji, kwa mazoea ya kazi, akaigusa sauti ikatoka nje, wote tukasikia mngurumo wa basi.

"Baba watoto," Shemeji akasema kwa kunong'ona, "kuna mtu anaichezea akaunti yetu? Nimesimamisha kidogo nimpe mama maji, nikafungua, nakuta nimerudishwa sura ya kumi na mbili."

Soli akainama karibu na simu.

"Umerudishwa kutoka wapi?" akauliza.

Basi likanguruma. Lilinguruma muda mrefu.

Chaji akajipiga paji la uso. Akatunong'oneza kwamba ni akaunti moja kwenye simu mbili. Kule kwa mama mkwe hakuna mtandao, Shemeji alipakua kitabu chote kabla hajaondoka, kila simu ikawa inakwenda kivyake. Sasa mtandao umemkuta njiani, simu yake imetii alama aliyoivuta yeye Chaji. "Nimemfumania mtu bila kukusudia," akasema.

"Mke wangu," Soli akarudia, "ulikuwa sura ya ngapi?"

"Wewe kwanza niambie nani aliyeirudisha. Mtu harudishi kitu ambacho hakijasogea."

Mama Pindo akaficha uso kwenye kitambaa alichokuwa anashona. Mabega yalikuwa yanatikisika.

"Thelathini na tisa," akasema Soli.

"Na mimi thelathini na tisa."

"Ya arobaini je?"

"Nimeifungua mara tatu nikaizima. Ile siwezi bila wewe. Nitamgeukia nani nimwambie nilijua?"

Soli akaketi. Alikaa juu ya kalibu, kile chuma cha kugongea viatu, na hakuhisi chochote. "Na mimi wamenibana hapa tangu asubuhi nimekataa," akasema. "Uliza hawa."

"Najua wapo, nawasikia wanavyopumua. Umelia, Bibi alipokufa?"

"Kidogo."

"Mwongo."

"Nimelia sana. Hata sasa hivi."

"Mimi nililia mpaka mama akaamka," Shemeji akasema, na sauti ikashuka zaidi. "Ndipo palipo na tatizo, na ndiyo maana nanong'ona. Aliniuliza nani amekufa. Nikasema bibi. Akauliza bibi yupi, maana kwetu mabibi wameisha. Nikashindwa kusema. Mama akasema basi ni wa upande wa mumeo. Nikanyamaza."

"Ukanyamaza?"

"Nilikuwa nimekwama na kamasi, nitasemaje? Asubuhi akafunga kanga zake. Niko naye hapa, amelala begani kwangu. Anakuja kukupa pole."

Simu ikakatika, sijui mtandao au aibu.

Chaji akatangulia kusema. "Tumwambie ukweli tu mama wa watu."

"Umwambie wewe," akasema Soli. "Mtu mzima, mguu haujapona, kapanda basi la safari ya saa tano. Umwambie marehemu yumo ndani ya buti."

Hapakuwa na mjadala tena. Mama Pindo alifagia kibaraza. Mbio alikwenda kuazima viti, akarudi navyo vinne vimefungwa nyuma ya pikipiki. Mimi niliambiwa nikae nionekane nina huzuni, nikasema sura yangu haihitaji maelekezo.

Saa kumi na moja na robo wakateremka kwenye kona. Shemeji mbele na mabegi, macho anayakwepesha, cheko limemjaa mashavuni anapambana nalo. Nyuma yake mama mkwe na mkongojo wake, kajitanda vizuri. Hakusalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja kwa Soli, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akaliona lile doa jeusi na macho mekundu.

"Pole, baba," akasema. "Pole sana. Kumbe ulimpenda hivi."

Soli si mtu wa kuigiza, tulishaona. "Nilimpenda, mama," akasema, na kidevu kikaanza tena.

"Alikuwa mtu wa namna gani?"

Soli akamtazama mkewe. Shemeji akatazama chini. Ikabidi ajibu mwenyewe, na akajibu yale anayoyajua.

"Alikuwa mlinzi, mama. Alilinda daraja maisha yake yote. Siku ile watu walikuwa wanalikimbilia, nyuma yao adui. Angeweza kuondoka. Alisimama mpaka mtoto wa mwisho akavuka."

"Alifia kazini," akasema mama mkwe.

"Alifia kazini."

Mama Pindo alikuwa ameshatoa leso. Chaji alijifanya anakagua simu, lakini ilikuwa imezimwa. Nami, nisiyefuatilia vitabu, nikajikuta nimesema kwa sauti kubwa kwamba hata fimbo yake hawakuiokota. Wakanigeukia wote. Nikageuza uso nikatazama barabarani, maana kulikuwa na vumbi.

Mama mkwe akatikisa kichwa polepole, anatupima mmoja mmoja. Kisha akamrudia Soli.

"Na sasa hilo daraja analinda nani?"

Hapo sote, bila kupatana, tukamtazama Mbio. Mbio akavuta pumzi. Shemeji akamnyooshea kidole hata bila kumtazama. "Mbio, ukifungua huo mdomo, tutakuwa na msiba wa kweli hapa."

Mbio akaufunga.

"Kwani hamjui?" mama mkwe akauliza.

"Bado, mama," akasema Soli. Alikuwa amempokea mkewe mabegi, na mkono mmoja ulibaki umeushika wa mkewe. "Tulitaka tusikie leo jioni, mimi na yeye. Wawili tu."

Mama mkwe akavuta kiti kilichokuwa karibu na buti, akakaa, akaunyoosha ule mguu mbaya mpaka ukatulia.

"Wawili?" akasema. "Mimi sikukaa kwenye basi saa tano nzima nije niachiwe msiba katikati."