Idhini ya Kufungua Ukurasa

Mkurugenzi wa Idara ya Mitihani alitangaza, kwa sauti ya kuzindua daraja, kwamba idara nzima itajifunza mtandao, kuanzia yeye mwenyewe kushuka chini. Akaketi mstari wa mbele, suti imenyooka, miwani puani.

Mkufunzi, dada mmoja mchangamfu, alianza taratibu. "Mheshimiwa, ukibonyeza anwani, simu yako inatuma ombi. Ombi linakwenda kwenye kompyuta inayotunza ukurasa, tunaiita seva. Seva inaukata ukurasa vipande vidogo, kila kipande kinashika njia yake, halafu simu yako inaviunga upya."

"Kwa idhini ya nani?"

"Ya aliyebonyeza."

Mkurugenzi alivua miwani. Miaka yote hiyo, watu walikuwa wakiingia kwenye tovuti ya idara yake kama wanaingia sokoni, na yeye yuko ofisini anakunywa chai.

"Na hiyo seva inapatikanaje?"

"Kuna kompyuta nyingine zinaulizwa: fulani anakaa wapi? Zinajibu kwa namba."

"Umbea," alisema Mkurugenzi, akaandika.

Kabla jua halijazama, agizo lilikuwa limetoka. Kwa ajili ya kuimarisha nidhamu ya vipande, kila ombi la kufungua ukurasa wa idara litasubiri idhini ya Mkurugenzi. Mkufunzi alijaribu kusema jambo, akaambiwa mafunzo yamekwisha. Vijana wa mitambo wakafunga mfumo kama walivyoagizwa.

Siku za mwanzo zilikuwa tamu. Mkurugenzi alikaa mbele ya kompyuta ya ofisini, ambayo vijana waliiacha na ukurasa wa kuidhinishia ukiwa wazi, akibonyeza "Ruhusu" kwa kidole kimoja, moyo mweupe. Mara mojamoja alimkatalia mtu, ili heshima ibaki.

Ikafika siku ya matokeo. Waziri alialika wazazi, wanafunzi na waandishi wa habari, ukumbi ukafurika. Mkurugenzi alipanda jukwaani kuwaonyesha ukurasa wa matokeo kwenye skrini kubwa. Skrini ikaandika: *Ombi lako limepokelewa. Linasubiri idhini ya Mkurugenzi.*

Alitabasamu, akatoa simu yake aidhinishe. Lakini ukurasa wa kuidhinishia nao ulikuwa ukurasa wa idara, na ulikuwa wazi kwenye kompyuta ya ofisini tu. Simu ikaandika maneno yaleyale. Akabonyeza tena.

Simu ikaita. Alikuwa binti yake, kitindamimba, aliyefanya mtihani mwaka huo na hakuwa amelala usiku kucha.

"Baba, matokeo yamegoma. Wameandika tunakusubiri wewe."

"Hata mimi, mwanangu," alijibu kwa upole, "najisubiri."

Kipaza sauti kilikuwa wazi. Ukumbi mzima ulisikia. Mzazi mmoja akaanza kucheka, wa pili akampokea, na kicheko kikazunguka mpaka kwa waandishi, ambao walicheka huku wanarekodi.

Waziri hakucheka. Alimwita yule mkufunzi, aliyekuwa ameketi nyuma ya ukumbi. "Hiki kizuizi kinatoka?"

"Kinatoka, Mheshimiwa."

"Basi kitoe."

Mkufunzi akawapigia vijana wa mitambo, na matokeo yakafunguka papo hapo, skrini kubwa kwa simu ndogo, na vigelegele vikapasua ukumbi. Simu ya Mkurugenzi ikaita tena.

"Nimefaulu, Baba! Wewe ndiye umeruhusu?"

Aliwatazama wazazi wanaokumbatiana, kila mmoja na simu yake mkononi, hakuna hata mmoja anayetazama jukwaani.

"Hapana, mama," alisema. "Yamekuja yenyewe."

Waziri akamwonyesha kiti cha nyuma kabisa, karibu na mlango, na Mkurugenzi akaenda kukaa.