Mashahidi Watatu wa Mama wa Ngazini

Habari ilifika kijiweni kwa simu ya Fatwa, na ilifika imekwisha kuongezwa chumvi. Fatwa anauza kanzu. Jina hilo tulimpa kwa sababu hujibu maswali ya dini kabla hayajaulizwa. Alijibana katikati ya benchi, akainua simu juu ili sote tuone picha ya ombaomba wa mji sijui gani, kakutwa na magunia mawili ya noti chini ya godoro.

“Mnaona? Magunia! Na asubuhi hiyohiyo alikuwa barabarani anaomba kwa jina la Mwenyezi Mungu!”

“Picha hiyo niliiona mwaka juzi,” akasema Kinyozi. “Wakati ule lilikuwa gunia moja.”

“Basi limezaa.”

“Gunia kuzaa gunia si riba hiyo? Mwenye fatwa wewe, tuambie.”

Benchi letu limeegemea ukuta wa msikiti. Mbele yetu Mama Birika anauza kahawa, na hatua kama ishirini kutoka kwake zinaanza ngazi za mlango mkubwa. Ngazi ya chini hukaa mama mmoja mwenye mguu mmoja na gongo la kutembelea. Huu ni mwaka wake wa sita pale, na jina lake hakuna anayelijua. Ni mama wa ngazini, basi.

“Ndiyo maana kamati ya msikiti imetoa fomu,” akasema Mstaafu, akakohoa kile kikohozi chake cha ofisini. Miaka thelathini alikuwa karani wa masjala. Siku ya kuagwa alirudisha funguo, ila kalamu na tabia akaondoka navyo. “Kuanzia Ijumaa hii ya leo, hakuna kuomba mlangoni bila fomu iliyojazwa. Mwisho wa kupokea ni adhana. Asiye na fomu, bawabu anamwondoa.”

“Ngoja, ngoja,” akasema Kinyozi. “Yaani mtu aombe ruhusa ya kuomba?”

“Ni utaratibu.”

“Na hadithi ipo!” Fatwa akanyoosha kidole. “Kuomba si halali ila kwa watu watatu. Mmoja wao ni aliyefikwa na ufukara, mpaka watatu wenye akili katika watu wake wasimame waseme, kweli huyu kafikwa. Watatu! Wenye akili! Hayo si maneno yangu.”

“Hapo kwenye akili hata sisi tulijua si yako,” akasema Mama Birika, akimjazia kikombe.

“Na ile aya, ‘Na mwombaji usimkaripie’?” Kinyozi akauliza. “Hiyo kamati imeifanyaje?”

“Nani kakaripia? Tunadai fomu kwa upole.”

“Nasikia mwombaji ana haki yake hata akija amepanda farasi.”

“Hiyo hadithi isnadi yake dhaifu, wapokezi wake hawategemewi.”

“Isnadi dhaifu, na mama mwenyewe dhaifu. Farasi wake yuko wapi, Fatwa? Amemficha nyuma ya birika?”

Tukacheka. Mimi ni fundi simu, nina kibanda jirani na duka la Kinyozi, na kwa kucheka makosa ya wenzangu sijapata mpinzani. Nilicheka mpaka kahawa ikanipalia.

“Hebu tuulizane,” nikasema nilipopata pumzi. “Fatwa, mara ya mwisho wewe umetoa sadaka lini?”

“Sadaka yangu ya siri. Mkono wa kushoto haujui wa kulia umetoa nini.”

“Siri kiasi kwamba hata anayepewa hajui!”

“Mnacheza na dini nyinyi. Kwani sadaka lazima fedha? Hata kutabasamu mbele ya ndugu yako ni sadaka.”

“Ebo! Kumbe hata meno unayafanyia ubahili,” akasema Kinyozi.

Fatwa alikuwa bado hajafunga mdomo tulipolisikia gongo. Mama wa ngazini alikuwa anakuja kwetu polepole, fomu ameibana kwapani. Kila mtu akawa na jambo muhimu la kutazama ndani ya kikombe chake.

“Wanangu,” akasema, “nimeambiwa nitafute mashahidi watatu. Mimi mji huu sina ndugu. Watu wangu ni nyinyi ninaowaona hapa kila siku. Binti yangu yuko nyumbani kitandani, mwezi wa nne huu hainuki, na anachokula ni ninachokipata pale chini. Nikiondolewa leo, jioni narudi kwake na nini?”

Kinyozi akasimama, mkono kifuani. “Mama, usiombe kwa unyonge! Katika mali zetu mna haki yako. Qur'ani imesema, katika mali zao mna haki ya mwombaji na ya anayejizuia kuomba. Haki, jamani, siyo hisani!”

“Allah akuzidishie, baba. Basi anza wewe.”

Kinyozi akaiangalia fomu. Akaangalia duka lake ng'ambo ya barabara. “Lo! Nina mteja kwenye kiti, kichwa nimekiacha nusu!” Akavuka mbio. Tangu tulipokaa hatukuona mteja akiingia mle, na mpaka tunaondoka hatukuona akitoka.

“Leteni nitie sahihi mimi,” akasema Mama Birika. “Kila asubuhi nampa kikombe na mkate. Nani anamjua kunishinda?”

Mstaafu akatikisa kichwa. “Fomu inasema wanaume watatu wenye akili.”

“Haya. Mkikosekana, mtaniita.”

Mstaafu akavaa miwani, akaikunjua karatasi pajani kwa mapenzi, maana aliitunga mwenyewe. “Kipengele cha kwanza, jina la mwombaji. Jina lako nani, mama?”

“Mwanakheri.”

“Cha pili, shahidi amemjua miaka mingapi. Sita. Cha tatu, je, ni fukara wa kweli? Weka alama ya ndiyo. Mnaona kilivyo chepesi? Fatwa, tia sahihi. Na mimi natia, na fundi simu wa tatu. Cha nne...” Akaisogeza karatasi karibu na pua. “Cha nne mimi sikukiandika. Huu ni mwandiko wa imamu!”

“Kinasemaje?”

“‘Wewe shahidi, uliyejua miaka yote hiyo kuwa huyu ni fukara: mwaka huu umempa nini?’”

Palepale kahawa yangu ikapoteza ladha.

“Hicho hakikupita kwenye kamati,” akasema Mstaafu.

“Kinachimba siri za watu,” akasema Fatwa. “Tukiache wazi.”

“Nani aliyetuambia hapahapa jana kuwa fomu yenye pengo ni karatasi ya kufungia chumvi?” akauliza Mama Birika. Aliyesema ni Mstaafu, tena kwa kujigamba.

Fatwa akachukua kalamu, akaangalia mbingu kama mtu anayetafuta shahidi wake mwenyewe, akaandika: Dua. Mstaafu akafikiri sana, akafuta miwani, akaandika kwa hati nzuri: Ushauri. Kisha kalamu ikafika kwangu. Ningeweza kuandika kuwa sikumpa kitu. Ndiyo kweli, na mambo yangekwisha mara moja. Lakini macho yote yalikuwa kwangu, nami nilikuwa nimewacheka wenzangu asubuhi nzima. Nikaandika: Salamu. Neno zuri, sunna, wala halina gharama.

“Nisomeeni,” akasema mama.

“Muda hautoshi, mama,” akasema Fatwa. “Wahi, adhana hiyo inakuja.”

“Karatasi inaniombea mimi, nisijue inasema nini? Nisomeeni.”

Nikamsomea. Alisikiliza ameinamia gongo, halafu akaanza na Fatwa.

“Wa dua simbishii. Dua haionekani, na nisije nikamdhulumu. Wa ushauri amesema kweli. Aliniambia nisikae karibu na viatu vya watu, nikasogea. Akaniambia tena nisogee, nikasogea. Kwa ushauri huyu bwana ni karimu.” Mstaafu akakunja miwani yake, akaikunjua, akaikunja tena. “Sasa huyu wa salamu ni nani?”

“Ni mimi, mama.”

Akanitazama sawasawa. “Mwanangu, wewe kila ukifika pale kwangu unaweka simu sikioni. Miaka sita. Na siku zote hizo sijaisikia ikiita.”

Mama Birika akageuza uso, mabega yanamcheza.

“Futa,” akasema mama.

“Nikifuta unabaki na mashahidi wawili. Watakuondoa.”

“Waniondoe. Mwanangu namlisha cha kuomba, sijamlisha cha uongo. Futa hilo neno.”

Kipaza sauti cha mnara kikakwaruza. Muadhini alikuwa anasafisha koo. Mstaafu akatazama saa, Fatwa akaanza kujipangusa kanzu aondoke, na mimi nikabaki na kalamu mkononi. Niliona haya, nasema wazi, haya ya kutaka benchi lipasuke nidumbukie. Nikalikata lile neno kwa mstari. Nikasimama, nikaitia simu mfukoni, nikamtazama usoni, na hiyo ndiyo siku niliyoona kuwa macho yake yana kiini cha rangi ya kahawa iliyochujwa.

“Asalamu alaykum, Mama Mwanakheri.”

Aliniacha nimesimama. Wala hakuwa na haraka, ingawa mwenye kuondolewa alikuwa yeye.

“Wa alaykum salaam,” akaitikia. “Haya, sasa andika. Na tarehe uweke ya leo.”