Ombi la Hema Lenye Tundu la Moshi

Mwl. Avit Rugaibula (mstaafu),
Kanazi, Bukoba.
14 Oktoba.

Mhandisi Rwekaza Avit,
Dar es Salaam.

Mwanangu mpendwa,

YAH: OMBI LA KUNUNULIWA HEMA LINALORUHUSU JIKO LA KUNI, KWA MAKAZI YA KUDUMU YA WAZAZI WAKO

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Pokea kwanza salamu zetu. Mimi na mama yako Gaudiosa ni wazima, na uzima wetu ndio chanzo cha barua hii.

Nimechagua kuandika kwa sababu kila nikipiga simu nakukuta kikaoni, na kikao kikiisha nakukuta kwenye foleni. Barua haina haraka. Nimefundisha miaka thelathini na minne, na jambo lisiloandikwa huwa naliona kama halijasemwa.

Miaka miwili iliyopita ulitujengea nyumba ambayo haina mfano kuanzia hapa Kanazi hadi njia ya Kemondo. Ina vyumba sita, vyoo vinne, marumaru sakafuni na dari jeupe la jipsamu. Tulishukuru siku ile, na leo nashukuru tena kwa maandishi, asije mtu akasema Mwalimu Avit hana shukrani. Ili kuipisha nyumba hiyo, ile yetu ya zamani ilibomolewa pamoja na jiko lake, kwa maelezo kwamba ilikuwa inaharibu mandhari. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Nyumba haipatani na moshi. Kwa maagizo yako, fundi Aroni alitupimia hatua kumi na tano kutoka ukutani, akasema kuni zisiwashwe ndani ya mpaka huo kwa ajili ya usalama wa dari. Mama yako sasa anapikia migombani, kwenye mafiga matatu. Mvua ya huku unaijua, haibishi hodi. Alhamisi iliyopita ebitoke, ndizi zetu za kupika, vililetwa mezani vikiwa nusu vimeiva na nusu vinaogelea. Nilikula, nikasifu, maana ndoa ya miaka arobaini na moja haivunjwi kwa ajili ya maji.

Utauliza jiko la gesi ulilotuletea liko wapi. Lipo, na linaheshimiwa. Mama yako amelifunika kitambaa alichokifuma mwenyewe, na juu yake ameweka picha ya Bikira Maria. Anasema ndizi zilizofunikwa majani zinataka moto wa taratibu, na kwamba moto wa bluu hauna harufu, kwa hiyo mtu hawezi kujua umekasirika saa ngapi.

2. Sebule imefungwa. Makochi bado yamo ndani ya mifuko yake ya nailoni kama yalivyotoka dukani, yakisubiri wageni wako wa Krismasi. Sisi tunalala chumba cha nyuma na tunapita mlango wa jikoni, viatu mkononi. Hiki ni kibanja cha ukoo, alimozikwa baba yangu, mwanangu, na mimi natembea ndani yake kwa ncha za vidole.

3. Hili la tatu ndilo zito. Siku moja nilimuuliza Aroni kwa nini sebule ni kubwa hivyo, na kwa nini mlango wa mbele una mabawa mawili wakati mimi mwenyewe ni mwembamba. Aroni ana makosa yake, lakini uongo haujui. Akajibu, "Mwalimu, mhandisi alisema siku ile watu watakuwa wengi, na jeneza lazima ligeuke bila kugusa ukuta."

Nilimshukuru. Nikaenda kuutazama ule mlango. Ni mlango mzuri sana.

Mila zetu nazijua. Mhaya aliye mbali hujenga nyumbani ili siku ya mazishi asiaibike mbele za watu, na mimi mwenyewe nimekaa kwenye misiba ya wenzangu nikihesabu madirisha. Kwa hiyo sikukasirika. Nilihuzunika, na nakuandikia wazi kwamba nilihuzunika. Kwa sababu kama nyumba ni ya siku ile, swali la mwalimu ni jepesi: kuanzia leo hadi siku ile, tukae wapi?

4. Jibu ni hema. Usicheke, nimefanya utafiti. Nimekwenda Kemondo na nimekwenda Muleba, nimeshika vitambaa kwa mikono yangu, na matokeo ni kama ifuatavyo.

Hema la nailoni, lile la watalii, ni jepesi, rahisi kwa bei na lina rangi za kupendeza. Nilimwomba muuzaji ruhusa ya kulijaribu kwa njiti moja tu ya kiberiti. Mimi na yule muuzaji hatusalimiani tena.

Turubai la plastiki, wanalofunikia mizigo bandarini, ni la bei ya chini kuliko yote. Lakini linashika moshi ndani, na usiku linatoa jasho likakudondokea usoni. Kwa vijana labda.

Hema la harusi nililiona kwa bwana Kamala, Muleba, lina mapazia na mashada. Tatizo lake ni kwamba Kamala analitaka lirudi Jumapili jioni, na sisi tunalitaka hadi kifo.

Nyuma ya stoo yake, hata hivyo, Kamala ana hema la turubai zito la pamba, lililotumika lakini halijatoboka. Kuta zake zina kimo cha mtu, madirisha yapo, na pamba hiyo cheche ikiiangukia inaunguza kidoa tu, haiyeyuki. Fundi bati atakata tundu juu na kulizungushia bati, ili bomba la moshi lisiguse kitambaa. Ndani tutaweka jiko la bati la kuni, miguu yake juu ya matofali. Dirisha moja la chini litabaki wazi daima, maana moshi wa moto uliofungiwa huua mtu akiwa usingizini. Hewa iingie chini, itokee juu. Haya niliyafundisha darasa la sita, na wewe ulikuwa dawati la pili. Bei yake ni pungufu ya choo kimoja kati ya vile vinne, tena kile kisichopata maji.

5. Faida za mpango huu ni nyingi, na zote ni zako. Marumaru hayatakanyagwa. Wageni wako watayakuta makochi katika ubikira wake. Aidha, wakati nyumba ikinisubiri mimi, inaweza kuwasaidia marehemu wengine wa ukoo. Ta Kahigi wa pale mlimani ana miaka tisini na moja na korido yake ni nyembamba. Amekwisha kuniuliza, kwa unyenyekevu mkubwa, kama itakuwa na nafasi mwezi wa pili. Nimemwambia nitakuuliza. Na siku yangu ikifika hamtakuwa na kazi: mtanitoa hemani, mtanivusha uwanja, nami nitaingia sebuleni kwa mlango wa mbele kwa mara ya kwanza.

6. Mama yako hana lalamiko lolote. Ameniambia niandike hivyo.

Kwa hayo machache, naomba umlipe Kamala kabla mvua hazijakolea. Ni muungwana, amekubali kulileta hema hilo kesho kwa majaribio ya siku tatu, nasi tutalisimamisha uwanjani mbele ya nyumba ili tupime upepo.

Wasalimie mkeo na watoto. Wasalimie na wakubwa wako wa vikaoni, waambie tunawashukuru kwa kukutunza. Jovita dada yako anakusalimu, na ng'ombe yule mwekundu amezaa.

Wako katika ujenzi wa mahema,

Baba yako,
Mwl. Avit Rugaibula.

Nakala: Mwenyekiti wa Kitongoji; Katekista; Fundi Aroni (aibandike alipobandika vipimo vya mlango).

Nyongeza, 16 Oktoba.

Barua iliyo hapo juu ilikuwa haijaondoka. Ipuuze yote.

Kamala alilileta hema jana asubuhi, na kufikia saa tatu lilikuwa limesimama uwanjani. Wewe umekulia hapa. Unajua turubai likisimama mbele ya nyumba ya mtu, na kanisani hakuna ndoa iliyotangazwa, maana yake ni nini. Miaka thelathini na minne ya kufundisha, na jambo hilo halikunijia kichwani hata kidogo.

Saa nne Ma Joviana aliingia na mzigo wa kuni kichwani, akaanza kulia toka njiani. Nyuma yake wanawake wenye mikungu ya ndizi, wengine na nyasi za kutandika, na katekista na rozari yake. Walinikuta ndani ya hema nikifunga bomba la jiko la bati nililoazima. Ma Joviana alinishika mkono, akauhisi una joto, akaniuliza, "Waitu Mwalimu, sasa ni nani?" Nikasema hakuna. Nikaambiwa hilo si jibu la kuwapa watu waliobeba ndizi kutoka mbali.

Ndipo mvua ilipokuja. Hema linachukua watu ishirini, nao walikuwa wamefika sabini. Mama yako, yule asiye na lalamiko, alitoa ufunguo kifuani na kuyafungua mabawa yote mawili. Waliingia na matope yao. Mifuko ya makochi ilichanwa. Jiko la bati lilibebwa hadi sebuleni, na kioo kimoja cha dirisha alikivunja mama yako mwenyewe, kwa utulivu, ili bomba lipate pa kutokea. Tulikula ebitoke vilivyoiva. Watu walicheka hadi jioni, wakanieleza yale ambayo wangeyasema kaburini kwangu, na mengi yalikuwa mazuri kuliko nilivyotarajia.

Dari sasa lina doa jeusi la ukubwa wa ungo. Usiku tulilala chumba cha mbele. Ufunguo mama yako hajaurudisha, na hema Kamala amelichukua asubuhi hii. Ni nyumba nzuri, mwanangu. Hatuhami.

Lililobaki ni moja. Kabla ukweli haujajulikana, kuna mtu alikwisha kukupigia simu Dar kwamba nimekufa. Najua mama yako alikupigia baadaye kukueleza kwamba nipo, nawe ukalia, kisha ukamwambia utarudisha tiketi. Ndiyo maana Evelyne, mjukuu wa Ma Joviana, anaipiga picha barua hii sasa hivi akutumie kwenye simu.

Tiketi usiirudishe. Nasikia kazini wamekwisha kukupa siku saba za kunizika. Usiwarudishie hata moja. Njoo nazo.